Kiti cha Mtu Mmoja

Fundi wa baiskeli wa mtaa wetu ni mwanamke, na kama hujamwona akiwa na wivu, basi hujamwona. Mimi nashona nguo. Kibanda changu na karakana yake vinatenganishwa na ukuta wa mabati, kwa hiyo mambo yake sihitaji kusimuliwa. Akiwa na furaha, nyundo yake inagonga taratibu. Roho ikimuuma, inagonga mpaka sindano yangu inaruka mishono.

Anajivunia vitu viwili. Cha kwanza ni mkono wake kwenye magurudumu. Rimu iliyopinda anaining'iniza, anakaza spoki hii, analegeza ile, huku ameshika chaki karibu na ukingo, anaizungusha mpaka chaki isiguse popote. Cha pili ni baba yake. Mzee alikuwa tarishi, akisambaza barua za ofisi kwa pikipiki, mpaka magoti yalipogoma. Tangu hapo kila Alhamisi binti yake alikuwa akimpakia kwenye keria ya baiskeli na kumpeleka kliniki. Mto wa kukalia niliushona mimi, wa turubai, umejaa pamba. Wakipita wawili hao, fundi alikanyaga pedeli shingo imesimama, utadhani amempakia waziri.

Kisha mdogo wake akaunda kile kidude.

Mdogo wake tunamwita Injinia, kwa sababu alikaa chuo cha ufundi muhula mmoja akarudi na ovaroli. Alichukua fremu kuukuu ya baiskeli yenye keria, akaifungia injini ya mashine ya kukata nyasi na cheni ya pili. Unavuta kamba, unazungusha mkono wa hendeli, kinaondoka, miguu haina kazi. Siku alipokiwasha mtaa mzima ulitoka nje. Mzee aliposikia ule mlio alicheka mpaka akashika mbavu. Fundi aliacha kazi akamtazama, maana kwenye keria yake Mzee huwa anatabasamu tu.

Alhamisi iliyofuata Injinia alifika karakana asubuhi.

"Dada, naomba mto wa Baba."

"Wa nini?"

"Leo nampeleka mimi. Kwenye kile kilima anakuonea huruma, unavyohema."

Fundi aliufungua mto kwenye keria, akampa. Kisha akashika nyundo. Siku hiyo niliharibu kola ya shati la watu.

Jioni alikuja kukaa kwangu. "Jirani, nina wivu, na sifichi," alisema. "Mimi nimembeba jua na mvua, sijamsikia akicheka vile hata siku moja. Huyu kaja na moshi na kelele, na sasa yeye ndiye mtoto."

Nikamwambia mzazi hagawanywi.

"Najua hagawanywi. Ndiyo maana namtaka wote."

Kesho yake akafunga karakana mapema, akaenda ofisi ya usalama barabarani kuuliza sheria. Alirudi uso unang'aa. Injinia alikuwa nje ya nyumba yao anakifuta kidude chake kwa kitambaa, watu wamemzunguka, na Mzee amekaa kizingitini.

"Hiyo si baiskeli tena," fundi alisema mbele ya wote. "Ukishaitia injini, sheria inaiita pikipiki, hata kama umeiundia jikoni kwako. Huiingizi barabarani mpaka ikaguliwe. Iwe na taa mbele na nyuma, na honi, na kioo, na breki mbili zinazoshika. Ikipita ndipo upewe namba, uikatie bima. Na anayeiendesha awe na kofia ngumu na leseni. Wewe huna hata kimoja."

"Nani atanikamata?"

"Askari nitawaita mimi."

Watu wakaanza kukumbuka shughuli zao. Mzee akamgeukia binti yake. "Utamshitaki mdogo wako?"

"Nitamshitaki, Baba."

"Basi kabla hujamshitaki, kipelekwe kikakaguliwe," alisema Mzee. "Na hizo taa zinunuliwe."

Kuna jambo moja fundi hakulisema pale, aliniambia mimi tu. Ofisini walimweleza kuwa chombo chenye kiti kimoja kinapewa kibali cha mtu mmoja, na keria haihesabiwi kuwa kiti, abiria marufuku. "Ataipata namba yake," aliniambia, anacheka peke yake. "Atapita taa zinawaka, honi inalia. Baba hapandi." Hilo alilibana moyoni, alitaka litoke kinywani mwa mkaguzi.

Injinia alifunga taa, honi na kioo, akakisukuma kidude chake mpaka kituo cha ukaguzi. Akarudi akikisukuma. Mkaguzi alikuwa amezungusha gurudumu la nyuma likayumba, breki ikishika upande huu na kuachia upande ule.

Injinia akaja kusimama mlangoni kwa dada yake, kichwa ameinamisha. "Dada, naomba uninyooshee gurudumu."

"Kawaombe wa chuoni."

Hakuondoka. Hatimaye dada yake akamnyang'anya gurudumu, akamfukuza. Mimi nikaacha kushona nikachungulia, maana nilijua anachowaza, naye akajua nimejua.

"Nikiliacha liyumbe kidogo tu, jirani, hakipiti," alisema. "Na Baba anabaki wangu, bila hata kumsubiri mkaguzi."

Akalining'iniza. Akalizungusha. Likayumba, akanuna, akakaza spoki moja, halafu nyingine. Alijaribu kweli kulifanya vibaya, niliona, ila mkono ulimkatalia. Chaki ilipoacha kugusa alitukana, akabadilisha na mpira wa breki, wa mbele na wa nyuma.

Mzee alikuja na fimbo yake akakaa kwenye sanduku la vyuma kumtazama anavyokirudishia kidude gurudumu lake. "Mama," alimwambia, maana binti huyo ana jina la mama mzazi wa Mzee, "hicho kiti nacho kishushe."

"Injinia ni mrefu, Baba. Magoti yatamgonga kidevu."

"Kishushe mpaka chini."

Akakishusha kwa moyo mkunjufu.

Siku ya ukaguzi fundi alimpakia Mzee kwenye keria, mto umerudi mahali pake kwa siku hiyo, nami nikafunga kibanda nikawafuata kwa miguu. Sikutaka kuhadithiwa. Injinia alikuwa ameshafika, jasho linamtoka kwa kusukuma, kofia mpya kichwani. Mkaguzi alikagua taa, akapiga honi, akakiendesha mwenyewe uwanjani na kukisimamisha ghafla, mara kadhaa. Hakikuteleza.

"Breki zimefungwa na mtu anayejua," alisema. "Kimepita."

"Na abiria je?" aliuliza fundi, sauti laini kama hajui.

"Kiti ni kimoja. Haruhusiwi abiria, hata awe mzazi wako."

Fundi akamgeukia baba yake, meno yote nje. "Umesikia, Baba? Alhamisi tunarudi kwenye keria yetu."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Bima ikakatwa, kibati cha namba kikafungwa, na mkaguzi akauliza anayeondoka na chombo ni nani, aonyeshe leseni. Injinia akajikuna shingo. Leseni, alisema, alikuwa anaifikiria.

Hapo Mzee akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati, akatoa leseni yake ya pikipiki ya enzi za utarishi. Sote tunaijua, huwa anawaonyesha wageni ile picha ya ujanani. Ambacho hatukujua ni kwamba miaka yote hiyo alikuwa akiihuisha. Mkaguzi akaigeuza huku na huku. "Ni hai," alisema. "Na daraja la pikipiki ndilo hili."

Mzee akaivua kofia kichwani kwa mwanawe, akaivaa. Akaufungua mto kwenye keria ya binti yake, akaufunga juu ya kile kiti kilichoshushwa, akakaa. Nyayo zote mbili zilifika chini bila kukunja goti. Fundi alitazama zile nyayo, kisha kiti, na uso ukamshuka.

"Baba, magoti."

"Magoti hayana kazi humu, ndiyo raha yake." Akavuta kamba, injini ikanguruma. "Nyinyi mnaoneana wivu nani anibebe. Mimi siku zote namwonea wivu aliyekaa mbele."

Akaondoka polepole, fimbo ameibana kwenye hendeli. Ndugu wawili walibaki wamesimama bega kwa bega, na kama kulikuwa na tofauti kati ya sura zao mimi sikuiona. Kwenye geti Mzee akafunga breki, akatazama kulia na kushoto, akaingia barabarani. Tulimsikia akicheka kule kwenye moshi.

"Injini yangu ile," alisema Injinia.

"Na breki zangu."

Fundi akapanda baiskeli yake, akapiga kofi kwenye keria isiyo na mto, akamwambia mdogo wake apande upesi kabla Baba hajawaacha mbali.