Kanga Mbili Nyuma ya Mlango

Sogeza kigoda chako kivulini, mwanangu, ubaki hukohuko nje kama desturi inavyotaka, nami niseme nikiwa humu ndani. Ipo siku moja naikumbuka kila kichwa kinaponigonga, na tangu juzi kinanigonga kila asubuhi.

Ndoa yangu ilikuwa bado changa. Mimi na mume wangu, huyo baba mkwe wako unayemsikia akiwafokea ndama zizini, tulikuja kwetu kusaidia kuchuma pamba. Baba na kaka zangu walikuwa wamehamisha ng'ombe upande wa Mwanhuzi kutafuta malisho. Mama alilala na homa, akaamka hanijui. Nilipomwita, aliniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa.

Zahanati ilikuwa Dutwa, mbali sana kwa mgonjwa. Baiskeli ilikuwepo, ila wa kuiendesha alikuwa mmoja tu, mume wangu, mkwe wake mama. Naye alisimama nyuma ya uzio wa minyaa, ametupa mgongo, kwa sababu mama alikuwa ametolewa uani na kanga imemvuka. Unajua ilivyo kwetu. Mkwe hampi mkono mama mkwe wake, hali naye, wala hakanyagi chumba anacholala. Na mgonjwa asiyejiweza hakai kwenye keria mpaka afungwe kwa kanga mgongoni mwa anayeendesha.

Mume wangu akasema atamtafuta kijana wa jirani. Akaenda, akarudi peke yake. Akasema labda aitwe mganga wa ng'ambo ya mto. Nililia kwa hasira, maana nilimwona mama yangu anakufa na heshima zake zote zikiwa kamili.

Bibi, mama yake mama, akatoka ndani na kanga mbili mkononi. Hakupaza sauti.

"Njoo hapa, baba. Huyu ni mayu wako, mama yako, wa kumheshimu akiwa anapumua. Akikata roho utamheshimu nani?"

Akaja, macho ameyafumba nusu, eti asione. Bibi akawafunga pamoja kwa mikono yake mwenyewe. Mimi nikakimbia nyuma ya baiskeli nikitazama kichwa cha mama kikiyumba begani kwa mume wangu, na kila kilipotulia niliogopa kuliko kilipoyumba.

Pale zahanati nesi alimtoboa kidole, akasema ni malaria na imeshapanda kichwani, akamtundikia dripu. Tulitoa kidogo tulichokuwa nacho, wakamtibu. Mama aliishi mpaka akamlea mkeo. Ila kila alipomwona mume wangu akipita kwa mbali, alijifunika kanga usoni na kucheka.

Sasa nisikilize. Juzi nilipoanguka jikoni, ulifika na pikipiki yako, ukasimama uzioni ukisubiri mtoto apite akuulizie hali yangu. Nilikusikia ukikohoa pale nje, nikashindwa kuitika. Tangu hapo naogopa, sikufichi. Shemeji zako wako Meatu na ng'ombe, mzee wangu macho yamechoka, na nesi anasema presha yangu imepanda tena.

Kituo cha afya siku hizi kipo karibu, wanapima presha, na sisi wazee hawatutozi. Kinachoweza kunifanya nifie hapa nyumbani ni aibu tu. Basi usingoje nizidiwe. Siku ya kupima ikifika, mkeo anisindikize, na wewe umkumbushe. Mtu asiniletee mganga kabla nesi hajaniona. Na ukisikia nimeanguka tena, usisimame uzioni. Ingia ndani. Nimetundika kanga mbili kwenye msumari nyuma ya mlango. Nifunge vizuri mgongoni kwako, uendeshe.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na siku ukizeeka akupe wakwe watakaokubeba bila kuuliza. Haya, nenda kabla jua halijawa kali, na usigeuke nyuma, maana nataka kutoka nje.