Kaburi la Yago

Haya niliyaona kwa macho yangu, saa tisa mchana, jua likiwaka, wala sikuwa nimelewa. Mimi ni mwalimu wa hesabu huko Awendo. Nimezoea kueleza polepole hadi wa mwisho darasani aelewe. Nawe nitakueleza hivyo hivyo, usiogope.

Kwetu ni Rangwe. Mjaluo akifia mbali na mwili usipatikane, tunazika yago mahali pake, tunda refu, zito kama gogo. Aliyezikwa hivyo, hata akirudi akiwa hai, hapiti tena langoni. Hilo lishike, utalihitaji.

Nyumbani tulikuwa na kaburi la namna hiyo, la Ochola, mume wa kwanza wa Dani, yaani bibi yangu. Ilisemekana alipotelea Tanganyika. Mdogo wake akazika yago, akamrithi Dani. Huyo mdogo wake ndiye babu yangu mzazi, aliyekufa nikiwa shuleni. Dani, miaka tisini na kitu wakati huo na pumzi za kuvuta kwa shida, aliishi na kidonda kimoja tu: kwamba Ochola alimtoroka, akaoa huko.

Barabara ilipopanuliwa, nami nikiwa nyumbani kwa likizo, tukaambiwa tingatinga lingepita juu ya kaburi kesho yake asubuhi. Dani akaomba lihamishwe. Baba mdogo Owino akacheka.

"Tuhamishe nini, Mwalimu? Ni tunda! Kama unaogopa tunda, hata papai wacha kula."

Na mimi nikacheka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilibaki uani, Dani amelala ndani, nikaona kijana amesimama nje ya ua. Mbwa hawakubweka, walikuwa wamejibana chini ya ghala.

"Karibu," nikamwambia. "Pitia langoni."

"Siwezi. Nilishazikwa."

Nilidhani ni mzaha. Akatabasamu, nikaona meno sita ya chini hayapo, kama wazee wetu wa zamani walivyong'olewa. Kijana gani anang'olewa meno hivyo siku hizi? Mkononi alivaa bangili ya shaba iliyosokotwa, na alikuwa amekumbatia yago bichi lililojaa udongo.

"Mjukuu wa ndugu yangu," akasema kwa Kidholuo cha kale, "chukua. Limenilalia kifuani siku nyingi. Mwambie mke wangu sikwenda popote."

Nikapokea. Kwa nini nilipokea? Niamini, mikono ilijinyoosha yenyewe. Tunda lilikuwa baridi kama limetoka mtungini. Nilipoinua macho, njia ilikuwa tupu pande zote mbili, na pale hapakuwa na hata kichaka cha kujificha.

Nikamwita Owino. Aliliangalia lile tunda, akaenda kuleta majembe. Tulichimba hadi kiunoni bila kuona kitu.

"Si nilikuambia?" akasema. Akapiga jembe tena. Likagonga mfupa.

Ilikuwa mifupa ya mtu. Fuvu limepasuka kisogoni. Meno sita ya chini hayapo. Kwenye mfupa wa mkono, bangili ya shaba iliyogeuka kijani.

Sasa fikiria. Kumwambia Dani kwamba Ochola hakumtoroka ni kumwambia pia kwamba alizaa watoto na aliyemuua. Ningenyamaza? Nilisimama mlangoni kwake muda mrefu. Mwishowe nikamwekea bangili kiganjani.

Akaipapasa, akihesabu mizunguko kwa kidole gumba.

"Niliisokota mimi," akasema. "Babu yako alichimba kaburi lile peke yake. Vijana walikuja kumsaidia, akawafukuza." Kisha akaongea, lakini si nami. "Kumbe hukunikimbia, Ochola. Na mimi nilikutukana miaka yote hii."

Alikufa wiki ile ile, uso umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo. Tuliwazika mbali na barabara, yeye kushoto kwa mumewe. Kaburi la babu hakuna anayelipalilia tena, hata mimi.

Lile tunda liko nyumbani kwangu Awendo. Ni mwaka wa pili na halijakauka. Siku za mvua linanuka udongo uliofukuliwa.

Kwa hiyo nisikilize, ndugu yangu. Kama kwenu kuna kaburi mnaloambiwa halina mtu, usilipandie mahindi. Mwulize mzee aliyebaki ni nani alilichimba, na nani alifukuzwa alipotaka kusaidia. Mwulize leo, angali na pumzi. Na mgeni akikataa kupita langoni kwako, usimcheke.