Nyumba ya Siku Moja Kando ya Maporomoko

Watu walikuja kutoka Nairobi kuangalia maji yakianguka. Jumapili, baada ya ibada yao, Wazungu waliegesha magari upande wa pili wa mto Chania, wakatandika blanketi kwenye nyasi, wakanywa chai na kupiga picha. Mara nyingine kamera ilielekezwa upande wetu, kwenye migomba ya mama yangu. Hawakujua kwamba uzuri ule ulikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe, mama yangu, wakati huo alikuwa amefungiwa katika kijiji cha Hali ya Hatari, ambako wakoloni walitukusanya kwa nguvu wakati wa vita vya Mau Mau, pamoja nami na majirani wote. Baba alifia kizuizini. Nyumba yetu ya mtoni ilichomwa na askari. Mashamba yalipoanza kupimwa upya na watu kuruhusiwa kurudi kwao, hedimani, mtu wa serikali pale kijijini, alimwambia mama kwamba kipande chake hakina nyumba, hivyo ni pori, na pori hilo litakuwa mahali pa wageni kupumzikia. Mzungu wa vipimo angekuja keshokutwa asubuhi kuweka vigingi. Mama angepewa shamba lingine huko juu, kwenye mawe.

"Asante kwa kunijulisha, mzee," mama alisema. Nilimjua mama yangu. Akishukuru kwa upole namna hiyo, kaa chonjo.

Kwetu Wakikuyu nyumba hujengwa kwa siku moja. Jua likitua kabla haijapata paa na moto, hiyo si nyumba, wala hakuna atakayelala humo. Tena ilikuwa mwiko mwanamke kupanda paa. Kazi ya wanaume ilikuwa kusimamisha miti na kuezeka, yetu wanawake kuleta nyasi na kukandika udongo. Na wanaume wetu wengi walikuwa bado kizuizini. Hedimani alilijua hilo, ndiyo maana alilala usingizi mnono.

Kulipokucha, sisi wanawake wa kijiji tulishuka mtoni na mama, majembe begani, kama watu wanaokwenda kulima. Wengine walikata miti, wengine wakachimba mashimo. Mimi nilibeba nyasi mpaka shingo ikakataa kugeuka. Mama alijifunga leso kiunoni akapanda juu, na mjane mwenzake, mnene kweli, akamfuata. Tukamtania kwamba tuongeze nguzo. Akatujibu kuwa atakayecheka atalala nje. Jua likielekea kutua, jirani mmoja alileta makaa ndani ya kigae kutoka mekoni kwake. Moshi ulipopenya kwenye paa nililia, na sikuona haya.

Asubuhi walifika. Mzungu aliitazama nyumba, akamwuliza hedimani kama hapo ndipo penye pori. Hedimani akamgeukia mama, macho yamemwiva.

"Atiriri, hebu niambie, mama, ni mwanaume gani amekujengea hii nyumba?"

"Hakuna."

"Na tangu lini mwanamke anapanda juu ya nyumba?"

"Tangu mlipochoma zetu, mkatujengesha kijiji chenu chote kwa viboko, bila wanaume. Wewe mwenyewe ulisimama pale ukituhimiza tupande. Sasa tunajua kujenga."

Mzungu akauliza mama anasema nini. Hedimani hakutafsiri. Vigingi vilipigwa siku hiyo, lakini vilizunguka shamba letu kuwa mpaka wa mama, maana penye nyumba si pori tena, na mama alimfuata mwenye nyundo, akisukuma kila kigingi kwa mguu kuona kama kimeshika.