Siku Niliyoomba Mvua Isinyeshe

Juzi, nikiwa nyumbani Garissa kwa Idi, nilimkuta mwenye duka jirani yetu pale mtaani Iftin akitupa katoni kubwa ya jokofu. Mkono ukaniwasha. Mtu mzima mimi, na nguo za sikukuu, nimesimama juani naipigia hesabu katoni ya watu: upande huu ungefaa mfuniko, ule ungekatwa tundu la kioo. Nikacheka peke yangu. Ngoja nikusimulie, utanielewa.

Nilipokuwa darasa la saba tulipata mwalimu wa hesabu na sayansi, mwanamke kutoka Busia, mwenye sauti nzito na viatu vya raba. Walimu wa mbali hawakukaa sana kwetu. Joto liliwashinda, au hofu ya mashambulizi, au upweke. Huyu siku ya kwanza aliuliza maabara iko wapi, tukaangua kicheko, maana hata madirisha yetu hayakuwa na vioo. Alitusubiri tumalize kucheka, kisha akasema, "Basi twendeni nje."

Tukasomea nje. Tulipima kivuli cha mlingoti wa bendera tukapata urefu wake bila mtu kuupanda. Tulichuja maji ya mto Tana kwa mchanga na makaa, tukashangaa kuyaona yakitoka maangavu, ingawa alitukataza kuyaonja kabla hayajachemshwa. Jioni tulifika madrasa mikono ikinuka gundi, na maalim akiturudisha tukanawe upya.

Bibi yangu, ayeeyo kama tunavyowaita bibi zetu, ndiye aliyenilea, na yeye hakuona ubaya. "Mkono uliokaa bure hukumbuka njaa," alizoea kusema, na akanipa sufuria yake kuukuu, nyeusi tii, niipeleke shuleni.

Lakini mwenyekiti wa wazazi, mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, alikasirika. Alitukuta tumepiga magoti tukikata katoni.

"Mwalimu, mtihani nakuja," akasema, "na watoto nacheza na takataka. Hii ni masomo?"

"Mzee, siku ya mkutano wa wazazi watawapikia chai kwa jua," mwalimu akamjibu. "Mkiona ni mchezo, nitarudi kwenye kitabu, na hamtaniona nje tena."

Hapo tulifanya kazi kama watu wanaojenga nyumba yao. Katoni ndogo ndani ya kubwa, katikati nyasi kavu, ndani karatasi ya kung'aa ya kufungia chakula, juu kioo. Tulisimamisha kijiti, tukafuata kivuli chake, tukatafuta kwa kipimapembe mahali pa kuegemeza ubao wa kurudisha mwanga. Tulipojaribu, chai ilichemka kabla ya sala ya adhuhuri, yenye maziwa ya ngamia na iliki. Sijawahi kunusa kitu kitamu kama kile.

Alfajiri ya siku ya mkutano ayeeyo aliinua mikono akiomba mvua. Malisho yalikuwa yamekauka, mifugo imebaki mbavu. Mimi pembeni yake nilikuwa naomba kimyakimya isinyeshe, leo tu, hadi jioni.

"Unaomba nini wewe?" akaniuliza kwa Kisomali.

"Heri tu, ayeeyo."

Heri ilikuja kwa njia yake. Wazazi walikuwa wameketi uani, sufuria imeanza kupata joto, wingu likatokea upande wa mto. Kabla hatujajua la kufanya, mvua ikaanguka kama iliyofunguliwa mlango. Wazazi wakakimbilia darasani wakicheka, kina mama wakapiga vigelegele. Na jiko letu likalainika, likakaa chini polepole kama ngamia aliyechoka. Mimi nililia. Watu wote wanafurahi, mimi nalia.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mvua, amelowa chapa. Ghafla akaita, "Makopo! Leteni makopo ya maziwa, yale ya pande zilizonyooka!" Tukayapanga uani penye uwazi.

Mvua ilipokatika tulitumbukiza rula. Milimita kumi na nane.

"Kumi na nane ya nini?" mwenyekiti akauliza.

Mwalimu alinipa mimi chaki.

Nikaanza. "Mzee, kila mita moja ya mraba imepata lita kumi na nane." Wenzangu walikwisha kutoka na kamba kupima jengo, ukingo wa paa hadi ukingo. Mita ishirini kwa nane. Nikazidisha ubaoni mbele ya wazazi wote, nikagawa kwa ishirini, zile lita za jerikani moja. "Paa hili peke yake limemwaga jerikani mia moja arobaini na nne."

Wazazi wakageukia mlango. Nje maji yalikuwa yakipita langoni yakienda zake barabarani, na hakukuwa na mzazi mle ndani asiyenunua maji ya mkokoteni wa punda.

"Rudia," mwenyekiti akasema. Nikarudia. Akatoka, akaukagua ukingo wa paa usio na mfereji, kisha akatoa simu akampigia ndugu yake aliyeko Liboi. "Hapa imenyesha kumi na nane," akamwambia, kama mtu aliyepima mvua maisha yake yote. Tulicheka hadi tukashikana mabega.

Chai ilipikwa kwa makaa. Ayeeyo alimpa mwalimu kikombe cha kwanza. "Chai yako nabikwa na moto," akamwambia kwa Kiswahili chake, "lakini mfua nakuja. Kunywa." Msimu uliofuata shule ilikuwa na mifereji na tangi, nasi tulikuwa bado tunasomea nje.

Mwalimu aliondoka hofu iliporudi na walimu wa mbali wakahamishwa. Hatukumuaga. Ayeeyo naye amelala, Mungu amrehemu. Wenzangu wametawanyika, mmoja yuko kambi ya wakimbizi ya Ifo anafundisha, wengine sijui waliko. Shule sasa ina maabara yenye kufuli zuri, na dada yangu anasema watoto wanafaulu kutushinda. Naamini.

Jana nilimuuliza binti wa dada yangu, aliye shule ileile, siku ya mwisho kabla ya likizo walifanya nini kwenye sayansi. Akafikiri.

"Tulinyamaza," akasema.

Nikamwambia avae viatu, twende nje.