Mama Alibaki Nje ya Duka

Kwa nini mama hakuingia dukani? Nilijiuliza swali hilo kila Jumamosi ya utoto wangu na sikupata jibu. Tulitoka naye Kitandililo alfajiri, ukungu ukiwa bado umelalia mashamba ya ulezi, tukatembea mpaka Makambako. Tukifika kwenye baraza la duka yeye alikaa chini karibu na fundi cherehani, akanyoosha miguu na kusema kwa Kibena, "Ingia wewe. Mimi miguu inaniuma." Miguu hiyo ilikuwa imepanda na kushuka vilima vyote bila kulalamika. Ilianza kuuma mlangoni.

Nyinyi wa rika langu mtayakumbuka maduka yale. Ulianza kuyanusa kabla ya kuyaona: mafuta ya taa, sabuni ya mche, kaniki mpya, na sukari guru ambayo nyuki waliijua kuliko sisi. Majembe na ndoo vilining'inia darini, nawe mtoto ulipita chini yake umeinamisha kichwa kama unaingia kanisani. Chumvi ilifungwa kwenye karatasi iliyokunjwa mfano wa pembe. Mafuta yalimiminwa kwenye chupa uliyokuja nayo, iliyozibwa kwa gunzi la mahindi, na gunzi likipotea njiani ulitembea umeweka kidole mpaka nyumbani. Kisha nyongeza. Mwenye duka akikupa kipande cha sukari guru, ulikitia shavuni ukaapa kitafika nyumbani. Sikumbuki aliyewahi kufaulu.

Wadogo zetu wa siku hizi, na suruali zao za bugaluu zinazofagia barabara, ukiwatuma chumvi wanauliza kwanza kama baiskeli ina upepo. Wenzangu husema sisi tulikuwa na adabu. Sina hakika. Tulikuwa na njaa, na njaa ukiitazama kwa mbali hufanana sana na adabu.

Mwenye duka letu alikuwa Mhindi mnene mwenye sauti nyembamba, tukimwita Bwana Kanji. Kwake ilibidi useme Kiswahili. Nyumbani tulisema Kibena; Kiswahili kilikuwa cha shule, cha boma na cha dukani, na kina mama wengi hawakukijua. Mama naye, kila mtu pale kijijini alijua kwamba hakijui. Aliolewa kutoka upande wa Njombe, mpole, msikilizaji, na akisemeshwa Kiswahili alitabasamu na kunisukuma mbele.

Lakini kununua alinifundisha yeye, jikoni, usiku wa kuamkia safari. Mizani itazame kabla hakijawekwa kitu. Maharage yanuse, usiyatazame tu. Kitambaa usikinunue kikiwa kimekunjwa. Na nilipotoka dukani alinikalisha pale barazani, nikamsimulia yote: yule amesema nini, wewe umejibu nini. "Hapana, sema kama alivyosema mwenyewe," aliniambia, nami nikarudia kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikidhani anapumzisha miguu tu. Watoto wengine walinicheka. "Tabitha, mama yako anaogopa mizani," walisema.

Mwaka nilipomaliza darasa la nne, nilipata nafasi ya kuendelea na la tano katika shule ya bweni, Njombe. Baba alikuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge kule Tanga, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la kaka yake, baba mkubwa Yeremia. Alikuja jioni, akanywa uji wake wote kwanza, kisha akasema, "Msichana akiweza kusoma jina lake kwenye kitabu cha nyimbo, inatosha. Jembe halisomwi."

Nililia nyuma ya ghala. Mama hakubishana naye. Alimjazia bakuli la pili, akasema, "Shemeji, kesho sisi tunakwenda Makambako. Nawe baridi hii huna blanketi. Twende pamoja."

Basi siku hiyo tulikuwa watatu, baba mkubwa mbele na fimbo yake. Mama alikaa barazani kama kawaida, miguu ikaanza kuuma. Baba mkubwa akaingia nami, akasimama katikati ya duka kama mkaguzi. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache aliyoyaokota kwenye kazi ya barabara, karibu yote ya kuamrisha.

Bwana Kanji alitandaza juu ya meza blanketi la kijivu lililokunjwa vizuri. Baba mkubwa akalipapasa, akaridhika, akaanza kufungua fundo la kitambaa alimoweka fedha zake.

"Naomba ulikunjue," nikamwambia Bwana Kanji.

"Blanketi ni blanketi, binti. Ndani ni kama nje."

"Naomba tulione kwenye mwanga."

Akaguna, akalikunjua. Tukalishika huku na huku tukalipeleka mlangoni, na jua la asubuhi likapita katikati yake kama kwenye chekeche. Nondo walikuwa wamekula karamu.

Baba mkubwa aligeuka kunitazama, si blanketi. Bwana Kanji hakukasirika. Alicheka mpaka tumbo likatikisika, akawatukana nondo kwa Kihindi, akaenda nyuma kuleta jingine, zito, zima. Alipokuwa akilifunga akasema, "Mzee, mtoto huyu mpeleke shule. Akibaki hapa atanifilisi."

"Amesema nini?" baba mkubwa akaniuliza kwa Kibena.

Hapo nilikwama. Kila neno nililotafsiri dukani hapo kabla lilikuwa la chumvi au sabuni. Hili lilikuwa langu mwenyewe, na hata mimi nisingemwamini mtoto anayeleta habari kama hiyo.

"Amesema unipeleke shule."

"Amesema hivyo huyu? Au umesema wewe?"

"Amesema yeye, baba."

Akatoka nje na blanketi kwapani. "Mama Tabitha, umesikia? Mtoto huyu anasema kweli?"

Mama alimtazama kwa ule upole wake wote. "Nitajuaje, shemeji? Kiswahili mimi sikijui."

Nilitamani ardhi inimeze. Neno lake moja lingetosha, naye hakulitoa. Baba mkubwa alisimama kizingitini, akawaza, kisha akarudi ndani na kumnyooshea Bwana Kanji fimbo.

"Wewe. Sema shule?"

"Shule, mzee. Shule, shule." Na ili kusiwe na shaka, Bwana Kanji akafungua viganja vyake kama kitabu, akajifanya anasoma, midomo ikicheza. Fundi cherehani akaacha kushona ili acheke vizuri.

Tukashika njia ya kurudi. Baba mkubwa alijifunika blanketi lake jipya ingawa jua lilikuwa limeshawaka, akatembea akitoka jasho. Tulipofika njia panda ya kwake akasema bila kugeuka, "Aende. Lakini likizo atalima."

Nilikwenda. Likizo nililima. Nilisoma mpaka chuo kikuu, na huko nilijifunza kutilia shaka kila kitu isipokuwa miguu ya mama.

Siku hizi nanunua vyakula peke yangu, mjini, haraka haraka. Mwanangu namwacha kwa jirani kwa sababu ananichelewesha. Unga uko kwenye pakiti, chumvi iko kwenye pakiti, hakuna cha kunusa, na anayeuza hana haja ya kusema neno na mtoto wa mtu. Naokoa muda mwingi. Sijui naupeleka wapi.

Mama alipotangulia, alikuja msibani bibi mmoja kutoka Njombe, ambaye ujanani alifanya kazi na mama katika jiko la misheni, kabla mama hajaolewa. Ndiye aliyeniambia kwamba enzi hizo Bwana Kanji alikuwa na duka palepale Njombe, na kwamba mtu aliyetumwa kila juma kuinunulia misheni chumvi, sukari na maharage, na kubishana naye bei kwa Kiswahili mpaka akasalimu amri, alikuwa mama.