Kwenda Kuutetea Mto Wetu Ubelgiji

Niliondoka Kisangani kwa sababu ya mtihani mmoja. Nasema mtihani ili nieleweke haraka. Kwa kweli ulikuwa utetezi wa tasnifu yangu ya udaktari katika uhandisi na sayansi ya vyombo vya majini, kazi niliyoianza miaka mingi nyuma huko Antwerp, mji wa bandari wa Ubelgiji. Nilikuwa nimerudi nyumbani kupima mchanga na mikondo ya Mto Kongo, na uasi ukanikuta hapo. Mto ulikatwa vipande viwili: huku juu tuko sisi na waasi, kule chini Kinshasa na serikali. Hakuna meli iliyopanda wala iliyoshuka. Chumvi ikawa inauzwa kwa kijiko kama dawa.

Tasnifu yangu ilihusu jambo ambalo kila mtu wa Kisangani ameliona: matishari, vyombo bapa vya mizigo, yakinasa kwenye mafungu ya mchanga wakati wa maji haba, na watu kukaa wiki nzima katikati ya mto wakila mizigo yao wenyewe. Nilitafuta umbo la tishari ambalo lingepita pale ambapo mengine yanakwama. Kurasa zilikuwa zimekwisha kufika Ubelgiji kwa mkono wa padri mmoja. Nilichobaki kudaiwa ni mwili wangu, kusimama mbele ya jopo. Profesa wangu alinipata kwa simu ya satelaiti ya wamisionari, akaniambia jopo litakaa baada ya Krismasi. Muda wangu wa masomo hauwezi kuongezwa tena. Nisipofika, kila kitu kinafutwa.

Siku moja kabla ya kuondoka, askari walinifuata nyumbani kwetu Mangobo. Kamanda wao aliyekuwa akisimamia gati alikuwa amesikia kwamba mtaani kuna mwanamke aliyesomea mashua. Alinikaribisha kwa adabu, akanionyesha boti ndefu ya mbao aliyotaka kuigeuza ya vita.

“Mama ingénieur,” alisema, “nataka uiweke chuma pande zote, na kanoni juu. Wiki moja.”

Nilimweleza kwamba boti ile ikibebeshwa uzito juu namna hiyo itapinduka kwenye kona ya kwanza. Akacheka.

“Basi, donc, utafanya isipinduke. Ndo kazi uliyosomea.”

“Nilisomea mashua za kupeleka watu sokoni,” nilimjibu. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

Hakukasirika. Aliniambia nirudi asubuhi na jibu lingine.

Jioni hiyo Papa hakupandisha sauti. Baba yangu, Papa Saidi, ni seremala wa milango na vitanda, mtu wa familia ya Kiislamu iliyokaa mji huu tangu enzi za misafara. Hajawahi kupenda maji hata kidogo, na mpaka leo hajui kuogelea. Alimaliza sala ya magharibi, akakunja mkeka.

“Utaondoka na binamu yako Assani kesho alfajiri, njia ya mashariki,” alisema. “Wakija hapa, mi nitaongea nao.”

“Papa, watakuchukua wewe.”

“Wanichukue. Mi hapana kujua kutengeneza mashua. Watachoka na mi haraka.”

Mama alikuwa akinifungia mihogo na samaki wa moshi kwenye majani, na mikono yake ilikuwa ikienda mbio.

Alfajiri tulivuka mji na kuishika barabara ya Bafwasende. Nasema barabara kwa heshima tu. Msitu ulikuwa umeirudisha kuwa kinjia, na magari hayakupita tena. Waliopita ni watu wa baiskeli, wale tunaowaita toleka, wanaosukuma magunia na madumu ya mafuta ya mawese kwa miguu hadi Beni na kurudi na chumvi, sabuni na nguo. Assani, mtoto wa tonton wangu, alikuwa mmoja wao. Alifunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, akapakia madumu yake, na begi langu akaliweka juu kabisa.

“Yaya, ukichoka, sema,” aliniambia; kwetu yaya ni dada mkubwa. “Lakini hapana kuchoka leo.”

Nilijifunza kutembea upya. Viatu vyangu vya Antwerp viliachana na soli kabla ya Bafwaboli, nikanunua sandali za mpira wa tairi ambazo nilizipenda kuliko kiatu chochote nilichowahi kuvaa. Tulilala kwenye vijiji ambako watu walitupa moto na maji ya kuoga bila kuuliza tunatoka upande gani wa vita. Kila nilipokaa kupumzika nilimfikiria Papa na kamanda, nikasimama tena.

Bafwasende, kwenye mto Lindi, ndipo tulipokwama. Daraja lilikuwa halipitiki. Watu walivushwa kwa mitumbwi miwili iliyofungwa ubavu kwa ubavu na kutandikwa mbao. Mto ulikuwa umejaa, mwekundu, na siku iliyotangulia chombo kile kilikuwa kimepinduka na mizigo yote. Watu waliokolewa, lakini sasa kila mtu alikuwa amekaa ukingoni akimwangalia mwenzake. Kati yetu kulikuwa na mwanamke mwenye mimba, aliyebebwa na ndugu zake kwenye kiti cha miti. Uchungu ulikuwa umemshika tangu usiku na mtoto hatoki. Hospitali ilikuwa ng'ambo.

Mwenye chombo, Papa Lifoli, alikuwa mtu wa makamo mwenye kifua kipana. Ndugu za yule mama walimsihi, naye akakataa huku macho yamemlegea kwa huzuni.

“Mto unakasirika,” alisema. “Mi hapana kuua mutu na mutoto yake mara moja.”

Nilimsogelea, nikamwamkia, nikamwambia kwamba kazi yangu ni vyombo vya majini. Aliniangalia sandali.

“Kazi yako? We mwanamuke?”

“Ndiyo, Papa. Naomba tuitenganishe mitumbwi. Iko karibu mno. Mtu akisimama na miguu pamoja, ukimsukuma anaanguka. Akiipanua, anabaki.”

Alifikiri. Kisha akauliza swali zuri: maji yakisukuma kati ya mitumbwi, si itaachana? Nikamwonyesha jinsi ya kupitisha kamba kwa mshazari, kutoka kichwa cha mtumbwi huu hadi mkia wa ule, ili mmoja ukitaka kukimbia mwingine uushike. Alishika kamba mwenyewe. Watu wa toleka walikata miti mirefu, tukaifunga juu, tukarudisha mbao. Madumu ya mafuta tukayashusha chini ndani ya mitumbwi badala ya kuyapanga juu, na nikawaomba wote wakae, asisimame mtu isipokuwa wapiga kasia.

Yule mama tulimlaza katikati. Nilikaa karibu naye nikamshika mkono, na ninakiri kwamba mambo yote niliyoyajua juu ya uthabiti wa vyombo yalinitoka kichwani. Nilikuwa nasoma Fatiha tu. Katikati ya mto wimbi lilitupiga ubavuni. Chombo kiliinama kidogo, kikafikiri, kikarudi sawa. Papa Lifoli aligeuka akaniangalia na kuitikia kwa kichwa mara moja, kisha akaendelea kupiga kasia.

Mtoto alizaliwa ng'ambo kabla ya jua kuzama, msichana. Tulikuwa tumekwisha kupanga kulala hapo, kwa hiyo habari ilitukuta tukila. Assani aliweka chakula chini, akasema, “Yaya, hata wazungu wakikatalia wewe, mi nimeona.”

Beni tulifika tukiwa tumekonda. Mji ulikuwa na umeme wa jenereta, na mfanyabiashara mmoja alikuwa na phonie, ile redio ya kuongelea mbali. Tulimwomba atutafutie Kisangani. Baada ya kelele nyingi, na mtu kutumwa kumwita, niliisikia sauti ya Mama.

“Wamemupeleka Papa yako Kapalata, kwenye kambi,” alisema. “Bado iko kule.”

Nilimwambia narudi. Sikuwa natafuta ruhusa. Nilikuwa nimekwisha kuamua.

“Zaina,” Mama alisema, polepole, kwa sababu kwenye phonie maneno yanaliwa, “nilimupelekea chakula jana. Aliniambia neno moja la kukupa: amalize. Sasa we ukirudi, yeye anakaa kule kwa nini?”

Nilitoka nje nikakaa kwenye jiwe mpaka Assani alipokuja kunichukua. Asubuhi nilivuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda peke yangu. Assani alibaki Beni kungoja habari za nyumbani. Kutoka Kasindi ni basi hadi Kampala, na kutoka Kampala ni ndege, na juu ya mawingu nilikula chakula cha kwenye sinia nikiwa na vumbi la msitu wa Ituri kwenye kucha.

Antwerp ilikuwa nyeupe kwa theluji. Profesa wangu, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alinipokea kituoni, akaniangalia miguu, akanipeleka moja kwa moja duka la viatu.

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Nilionyesha michoro yangu, mchanga wangu, umbo langu la tishari. Waliuliza mengi juu ya hesabu na nikajibu. Kisha mjumbe mmoja aliyetoka kampuni ya meli akavua miwani.

“Madame, mto wenu umefungwa na vita,” alisema. “Hakuna chombo kinachopita. Kazi hii umemfanyia nani?”

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Niliwaeleza habari za Lindi, za mitumbwi miwili na yule mama katikati. Nikawaambia kwamba huku kwetu vita vinaweza kufunga mto, lakini watu hawaachi kuvuka. Wanavuka kwa chombo chochote walicho nacho, na chombo kibaya kinawaua kimya kimya, bila mtu kuandika gazetini. “Nimewafanyia hao,” nilisema. “Na mto utafunguliwa.”

Jopo lilitoka, likarudi. Mwenyekiti alisoma uamuzi kwa Kilatini kidogo na Kiholanzi kingi, lugha ya mji ule, nami nikaelewa neno moja tu: doctor. Profesa alinipa mkono, akaushika muda mrefu kuliko ilivyo desturi ya watu wa huko.

Nilimpigia Assani kabla sijala keki yao. Simu ya yule mfanyabiashara wa Beni iliita na kuita, mpaka Assani akaipokea.

“Yaya, Papa ametoka,” alisema kabla sijamwamkia. “Iko nyumbani. Wamemuchosha, lakini iko nyumbani. Wewe je?”

Nilimwambia nimepita. Nikasikia akiwatangazia watu wa Beni wasionijua, na wale watu wakapiga makofi.

Baada ya hapo kiwanda kimoja cha meli kilinipa kazi, nami nikaikubali kwa muda. Niliiheshimu kazi ile na ilinilisha vizuri. Lakini siku wakubwa wa pande mbili za vita walipopatana na habari ikaja kwamba mto unafunguliwa, niliaga.

Kinshasa nilipanda msafara wa matishari uliokuwa miongoni mwa ya kwanza kurudi juu. Maboya yalikuwa yamepotea, na mchanga ulikuwa umehamia ulikotaka. Nahodha aliposikia kazi yangu aliniomba nikae naye mbele, na tukawa tunabishana kwa furaha kutwa nzima juu ya rangi ya maji, ambayo huonyesha kina. Tulipita Lisala, tukapita Bumba. Mbele ya Barumbu mitumbwi ilitujia kwa wingi, watu wakiwa na samaki na mikungu ya ndizi, na wanawake wakaomba kwanza waguse gunia la chumvi kabla ya kuuliza bei. Mtu mzima mmoja alishika ubavu wa tishari kwa viganja viwili akalia bila aibu. Isangi, Yanonge, kila mahali ilikuwa hivyo.

Kisangani watu walikuwa wamefunika ukingo wote. Nilimtafuta Papa nikamwona, mwembamba, ana kofia mpya, amesimama mbali kabisa na maji kama kawaida yake. Nilimpigia magoti. Aliniinua haraka.

“Simama,” alisema. “Watu wanaangalia docteur wao.”

Kesho yake alfajiri kulikuwa na foleni mlangoni kwetu Mangobo. Mama wa jirani alikuwa mbele, amembeba mjukuu mwenye homa. Ilinibidi nieleze kwamba mimi si daktari wa watu, ni daktari wa mashua. Yule mama alinitazama kwa mashaka.

“Mashua nazo zinagonjwa?”

“Huku kwetu, mama, zote.”

Akafikiri, akasema basi nianze kutibu, halafu akampeleka mjukuu zahanati.

Nilianza na tishari lililozama karibu na gati wakati wa mapigano. Tulikuwa mimi na vijana wa mtaa, wachomeleaji, wavuvi waliojua kupiga mbizi, na Assani aliyekuwa amerudi kutoka Beni. Tuliziba matundu, tukafunga mapipa matupu ubavuni, tukasukuma maji nje kwa pampu ya kukodi. Katika safari yangu yote nilijifunza kwamba elimu hii haikuwa yangu peke yangu: Papa aliilipia Kapalata, Assani aliisukuma msituni, na Papa Lifoli aliijaribu kabla ya jopo lolote. Sijui namna nyingine ya kuishukuru familia na mji ila kazi hii.

Tishari lilipoanza kuinuka, lilitoa sauti kama mtu anayeamka. Matope yalimwagika pande zote. Papa, ambaye hapendi maji, alishuka ukingoni na viatu vyake, akapanda juu ya lile tishari linaloyumba, akakaa katikati kabisa, akasema, “Bon. Linaelea.”