Mto Unaopumzika Alhamisi

Shemeji yangu anaitwa Chupa, na jina hilo hakulipata kwa ulevi. Yeye ndiye mchota sampuli wa mtambo wetu wa maji. Kila asubuhi anapanda pikipiki na sanduku lake la chupa sita, anateremka hadi pale bomba letu linapovuta maji ya mto, anachota, anaandika saa na mahali, kisha ananiletea mimi maabara nipime. Ana maringo na kazi yake, mtu huyu! Kila chupa huisuuza mara tatu kwa maji ya mto wenyewe, na ole wako umkute kazini ukaugusa mdomo wa chupa kwa kidole. "Mimi na mto hatudanganyani," husema. Miaka kumi na tisa hakuwa amepata hata barua moja ya onyo, na alikuwa amebakiza miezi minne astaafu.

Mwaka huu wakatuletea Injinia, binti mwembamba mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mto ndani ya kompyuta. Usicheke, mimi nilicheka, baadaye nikaona aibu. Unaingiza mvua iliyonyesha na hali ya maji ya miaka iliyopita, na mto ule wa kompyuta unakwambia kesho maji yatakuja na tope kiasi gani, ili mafundi wajue mapema watie shabu kiasi gani ya kuligandisha lizame. Ukitia kidogo, tope linapita na vijidudu vyake hadi kwenye bomba la jikoni kwako. Basi akataka madaftari yetu yote. Nikampa kumi na tisa, yote kwa mwandiko wangu, na wiki nzima nikatembea kifua mbele.

Jumatatu moja akatuita chumba cha mikutano, kile chenye feni inayolalamika kuliko wafanyakazi. Ukutani akatuonyesha mchoro wenye milima na mabonde.

"Mto wenu una maajabu," akasema. "Siku sita una tope lake la kawaida. Alhamisi unatakata. Miaka kumi na tisa! Huu mto unapumzika Alhamisi."

"Labda kuna kiwanda huko juu kinafunga siku hiyo," akasema Meneja, akipapasa kidevu. "Kumbe Alhamisi tunatupa shabu bure. Kuanzia wiki hii tupunguze nusu."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Alhamisi naijua mimi. Dada yangu ni fundi cherehani, na chumba chake kiko kando ya daraja la juu, kilomita tatu kabla mto haujafika kwenye bomba letu. Miaka kumi na tisa iliyopita, siku ya Alhamisi, nilimtuma Chupa ampelekee dada kitambaa anishonee gauni. Gauni lile lilichukua wiki nane. Kila Alhamisi Chupa alikwenda kuuliza kama limekwisha, na wiki ya nane nikaambiwa gauni tayari, na mahari inazungumzwa. Wakaoana, lakini chai ya Alhamisi pale kwenye cherehani haikukoma. Nilichokuwa sikijui, au niseme ukweli, nilichokuwa sitaki kuuliza, ni mahali alipojazia chupa zake siku hiyo.

Meneja alipotupa dakika tano za kunyoosha miguu, nikamvuta kwenye ngazi.

"Shemeji, Alhamisi unachota wapi?"

"Mto ni mmoja, shemeji. Ukimshika samaki kichwa au mkia, si samaki yule yule?"

"Nimekuuliza wapi!"

"Darajani."

"Na kwenye karatasi unaandika?"

"Bombani." Akaketi kwenye ngazi, sanduku mapajani. "Miezi minne tu, shemeji. Nikisema, naondoka na doa. Nisiposema, Alhamisi wanangu wanakunywa tope."

Nilikuwa na hasira naye, na zaidi na nafsi yangu, kwa maana namba zile nilizipima kwa macho yangu mawili. Akainuka mwenyewe, akajifuta suruali. "Mficha uchi hazai," akasema, akarudi ndani.

Hakungoja feni inyamaze. "Injinia, mto haupumziki. Ni mimi ninayepumzika." Akaeleza yote, daraja, chai, karatasi. Jina langu hakulitaja.

"Nani mwingine alijua?" Meneja akauliza.

Nikasimama. "Lile gauni lilikuwa langu," nikasema, na ikabidi nianze hadithi tangu kitambaa.

Barua za onyo zilitoka jioni ile ile, mbili. Shabu ikabaki kama ilivyokuwa. Injinia hakutukemea, alibeba madaftari yake akajifungia, nasi tukadhani analia, maana tulikuwa tumemharibia kazi ya miezi miwili.

Ijumaa akatoka anacheka hadi korido nzima ikasikia. Alikuwa amezitenga Alhamisi zote akazipa mahali pake darajani, na mto wa kompyuta ukakubaliana na mto wa kweli. Tena ukamwonyesha kwamba kati ya daraja na bomba tope linaongezeka maradufu, pale kinapoingia kijito cha wafyatua matofali. "Niliomba kituo cha pili nikaambiwa haiwezekani," akasema. "Kumbe ninacho, tena kina umri wa miaka kumi na tisa!"

"Kwa hiyo mto si mmoja," shemeji akasema kwa sauti ndogo. Nadhani hilo lilimuuma kuliko barua.

Ikaletwa fomu ya kukifanya kituo kile kiwe rasmi. Mahali: daraja la juu. Siku: Alhamisi. Mchotaji: Chupa, kwa jina lake la kwenye cheti. Injinia akafika kwenye mstari wa mwisho, sababu ya kuchagua kituo, akaanza kuandika habari za kijito. Shemeji akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu, mwanangu. Karatasi ya mahali hapa nimeidanganya vya kutosha."

Akaandika polepole, kwa herufi kubwa: MKE WANGU ANASHONA HAPO.

Meneja akaisoma mara mbili, akavua miwani, akatia sahihi.